Uzi: Tibby Cotter, mrushaji wa kasi wa Australia. Vita ilimuua, lakini si vita iliyomtoa kwenye kriketi

#1 – MwanaPichi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wengi wetu humu tulianza kuifuatilia kriketi mwaka 2003, Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mimi mechi iliyonishika ni ile ya Durban, Kenya dhidi ya Australia. Brett Lee aliangusha wapigaji watatu wa Kenya kwa mipira mitatu mfululizo. Halafu Aasif Karim, mtoto wa Mombasa aliyekuwa ameshastaafu wakamrudisha, akawatoa Waaustralia watatu huku akiruhusu mikimbio, yaani pointi, 7 tu katika ova nane (ova moja ni mipira sita) na mipira miwili. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta ukoo wa hawa warushaji wa kasi wa Australia, nani alimtangulia nani. Nikirudi nyuma miaka mia moja kutoka kwa Lee, ninamkuta Albert Cotter, ambaye watu walimwita Tibby.

Ukilitafuta jina lake, karibu kila mahali utakutana na jambo moja: alikufa Beersheba, Palestina, tarehe 31 Oktoba 1917, katika lile shambulio la wapanda farasi. Ni kweli, na nitalifikia. Ila inaniuma kuona mtu aliyerusha mpira kwa miaka zaidi ya kumi anatajwa kwa alasiri moja ya vita, na mpira wake unapitwa kwa mistari miwili. Nimeuanzisha uzi huu ili tuzungumzie mpira wenyewe.

Alizaliwa Sydney mwaka 1883, akakulia Glebe, kitongoji kilicho karibu na katikati ya mji, na klabu yake ikawa ya hapo hapo Glebe. Msimu wa 1901-02 akaanza kuchezea jimbo la New South Wales. Hakuwa mrefu. Alikuwa na mwili uliojaa, mabega mapana, na urushaji ambao makocha wangemkataza: mkono haukupanda juu wima kama wa wengine, ulipita chini kwa pembeni kama mtu anayezungusha kombeo. Mpira ukitoka kwenye mkono wa namna ile mpigaji anachelewa kuuona, na ukigonga chini haupai kama alivyotarajia, unateleza na kumfuata mwilini. Ongeza kasi ambayo enzi zile Australia haikuwa nayo kwa mtu mwingine yeyote, utaelewa kwa nini wapigaji walimwogopa.

Test yake ya kwanza, yaani mechi ya siku kadhaa kati ya mataifa, ilikuwa Sydney, Februari 1904, dhidi ya Uingereza. Ya pili, Melbourne mwezi uliofuata, ndiyo iliyomtambulisha. Australia walipiga kwanza wakapata 247. Mvua ikanyesha. Enzi zile pichi, ule ukanda wa ardhi ambao mpira hugonga mbele ya mpigaji, hazikufunikwa, kwa hiyo mvua ikinyesha usiku, kesho yake unacheza juu ya udongo uliolowa na mpira unafanya utakavyo. Waingereza wakatolewa wote kwa mikimbio 61. Cotter alichukua wiketi 6 kwa mikimbio 40 (yaani alitoa wapigaji sita akiruhusu mikimbio 40), Monty Noble akachukua 4 kwa 19. Hawa wawili waliimaliza timu nzima.

Katika zamu ya pili Hugh Trumble, fundi wa mpira wa taratibu, alichukua wiketi 7 kwa 28, tatu kati ya hizo kwa mipira mitatu mfululizo, na hiyo ilikuwa Test yake ya mwisho. Australia wakashinda kwa mikimbio 218. Fundi mkuu anaondoka, na uwanjani yumo kijana wa miaka 20 mwenye silaha tofauti kabisa na yake.

Naendelea kwenye posti inayofuata.

#2 – MwanaPichi (mleta uzi)

Mwaka 1905 alikwenda Uingereza na timu ya Joe Darling. Ziara ile Waingereza walishinda 2-0, na nahodha wao Jackson alishinda kura ya shilingi, ile ya kuchagua nani aanze kupiga, katika Test zote tano. Cotter alianza vibaya. Alikuwa anagonga mpira mbali mno na mpigaji, unapanda juu kwa fujo, hana shabaha. Wenyeji walishtuka, wengine wakakasirika. Kadiri miezi ilivyokwenda akajifunza kuusogeza mpira mbele, karibu na miguu ya mpigaji, pale ambapo kasi inauma zaidi kwa sababu hakuna nafasi ya kukwepa. Alimaliza ziara na zaidi ya wiketi 100 kwa mechi zote. Katika Test ya mwisho pale Oval, London, alichukua 7 kwa 148. Mikimbio 148 ni mingi, sikatai. Ila Waingereza walipiga 430 siku zile, C. B. Fry peke yake akapata 144, na katikati ya kipigo kile kijana aliendelea kurusha akaondoka na wiketi saba. Mimi nazihesabu hizo kuliko zile sita za Melbourne, kwa sababu Oval hapakuwa na mvua ya kumsaidia.

Sasa mechi ninayoipenda kuliko zote. Sydney, Desemba 1907. Zamu ya kwanza Cotter anachukua 6 kwa 101. Mwishoni Australia wanahitaji mikimbio 274 kushinda, wanafika 219 na wapigaji wanane wameshatoka. Zimebaki 55. Anayeingia kuungana na Cotter ni Gerry Hazlitt, kijana anayecheza Test yake ya kwanza. Wote wawili ni warushaji, kupiga si kazi yao. Katika hali ile mtu hutarajiwa kujikunja na kuomba Mungu. Hawa waliamua kupiga. Cotter 33, Hazlitt 34, wote hawakutolewa, Australia wakashinda huku wiketi mbili zikiwa bado mkononi.

#3 – Mzee_wa_Ngamiani

Mkuu MwanaPichi, shukrani, umeniamsha. Ila naomba nikupinge kidogo. Nimeziona takwimu zake: Test 21, wiketi 89, wastani wa mikimbio 28.64 kwa kila wiketi. Katika zama zile Trumble alikuwa na wastani wa 21.78, na Noble 25. Kwa hesabu hizo Cotter ni mrushaji wa kawaida mwenye kasi. Tusije tukampandisha kwa sababu tu alifia vitani.

#4 – MwanaPichi (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ni ya haki na nilikuwa naingoja.

Wastani ule unakuambia wiketi moja ilimgharimu mikimbio mingapi. Haukuambii ilichukua mipira mingapi. Cotter alirusha mipira 4,633 katika Test zake zote. Gawanya kwa 89, unapata wiketi moja kila mipira 52. Trumble, kila mipira 57. Noble, kila mipira 59. Maana yake nahodha akimpa Cotter mpira, wiketi ilikuja mapema kuliko kwa hao mabingwa wawili. Mikimbio ilivuja, kweli, kwa sababu mpira wa kasi ukigusa tu ukingo wa gongo unakimbia wenyewe hadi mpakani. Hiyo ndiyo bei yake. Trumble alimbana mpigaji mpaka akakosa pumzi. Cotter alimvunja. Timu inahitaji wote wawili, na baada ya Trumble kuondoka Australia walikuwa na wa kubana kadhaa, wa kuvunja alikuwa mmoja.

Tazama Headingley, Uingereza, mwaka 1909. Noble ndiye nahodha. Waingereza wanahitaji 214 kushinda, kazi inayowezekana kabisa. Wakatolewa kwa 87. Cotter 5 kwa 38, mwenzake Macartney 4 kwa 27. Australia wakaichukua mechi kwa 126, na mwisho wa ziara mfululizo mzima ukawa wao 2-1. Pale Oval akaongeza 6 kwa 95. Ukimlinganisha na yule wa mwanzo wa 1905 utaona ni mtu mwingine. Miaka minne imempa akili bila kumnyang'anya kasi.

Msimu wa 1910-11 Afrika Kusini wakaja Australia na Cotter akapata wiketi 22. Melbourne wageni walikuwa wamepiga 506 zamu ya kwanza, Aubrey Faulkner ana 204 peke yake. Mwisho wakabakiwa na deni la 170 tu. Mwenzake Bill Whitty akawachukua sita kwa 17, Cotter wanne kwa 47, na wote wakatoka kwa 80.

Kwa hiyo mzee, sijampandisha. Nasema tu kwamba wastani pekee unamdhulumu mrushaji wa aina yake.

#5 – Mzee_wa_Ngamiani

Marahaba mwanangu. Hesabu ya mipira sikuwa nimeitazama. Nakubali sehemu hiyo. Endelea, maana kichwa cha uzi kimesema si vita iliyomtoa kriketini, na hapo hujafika.

#6 – DadaParklands

Mimi pia nasubiri hapo. Nilidhani aliacha mpira akaenda jeshini.

#7 – MwanaPichi (mleta uzi)

Dada, wengi wanadhani hivyo, ndiyo sababu nimeandika.

Test ya mwisho ya Cotter ilikuwa katika mfululizo wa 1911-12 dhidi ya Uingereza. Vita ilianza Agosti 1914. Hapo katikati kuna zaidi ya miaka miwili. Mtu ana miaka 28, umri ambao mrushaji wa kasi ana nguvu na akili kwa pamoja, halafu hachezi tena. Kilichotokea ni ugomvi kati ya wachezaji na Bodi.

Zamani wachezaji wa Australia walijipangia ziara za Uingereza wenyewe, wakagawana faida. Mwaka 1905 ikaundwa Bodi ya kusimamia kriketi ya nchi nzima, na wachezaji wakaiona kama mkono unaoingia mfukoni mwao. Ili wakubali, wakaachiwa haki moja: kumchagua meneja wa ziara. Mwaka 1909 meneja alikuwa Frank Laver, mchezaji mwenzao waliyemwamini. Bodi nayo ikampeleka Peter McAlister awe mweka hazina. Vitabu vya hesabu vikawa chanzo cha uhasama ambao haukwisha hata baada ya kurudi nyumbani.

Ziara ya 1912 ilipokaribia, wachezaji wakamtaka Laver tena. Bodi ikakataa, ikasema meneja itamteua yenyewe. Katikati ya joto hilo, Februari 1912, kamati ya kuchagua timu ilikutana Sydney. Nahodha Clem Hill na McAlister wote walikuwa wajumbe. Maneno yakapanda, McAlister akamwambia Hill kuwa ni nahodha mbaya, Hill akamzaba, wakapigana mle chumbani yapata dakika ishirini, kiasi kwamba wenzao walihofia mmoja angetoka dirishani. Hill akajiuzulu ukamati.

Baada ya hapo wachezaji sita wakaiandikia Bodi kwamba bila Laver hawaendi: Hill, Victor Trumper, Warwick Armstrong, Vernon Ransford, Hanson Carter na Tibby Cotter. Bodi haikutetereka. Ikapeleka timu nyingine chini ya Syd Gregory kwenye mashindano ya mataifa matatu, Uingereza, Australia na Afrika Kusini. Majira yale ya joto yalikuwa ya mvua tupu, mapato yakawa duni, na Waingereza wakatwaa ushindi. Ilibaki sifa moja tu ya kukumbukwa: Jimmy Matthews alipata wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo mara mbili katika siku moja, dhidi ya Afrika Kusini pale Old Trafford. Kwa kasi ya Cotter katika pichi zile zilizolowa, mimi nabaki kujiuliza tu.

Ninachotaka mkione ni hiki. Hill alikuwa na miaka 34 na jina lililokwisha kuandikwa. Trumper alikuwa mpigaji anayependwa kuliko wote nchini. Kwa watu kama hao kukataa ziara moja si hasara kubwa sana. Mrushaji wa kasi hana akiba ya miaka. Kila msimu unaopita mgongo, magoti na bega vinamdai. Cotter aliitoa miaka yake bora kwa ajili ya haki ambayo wenzake waliahidiwa. Hakuichezea Australia tena.

#8 – katibu_wa_zamu

Mkuu, mimi ni mtu wa vyama vya wafanyakazi, kriketi siijui hata kidogo, nimeingia kwenye uzi huu kwa bahati. Hiyo posti ya #7 nimeisoma mara mbili. Tunayaona haya kila siku: mkataba unaandikwa ili watu watulie, wakishatulia kipengele kinafutwa. Na kwenye mgomo anayeumia zaidi ni yule ambaye kazi yake ina muda mfupi. Heshima kwa huyu mtu.

#9 – DadaParklands

Na Beersheba ilikuwaje, MwanaPichi? Umesema utafika.

#10 – MwanaPichi (mleta uzi)

Ndiyo dada, nafika.

Alijiunga na jeshi Aprili 1915, kwenye kikosi cha wapanda farasi wepesi, ingawa hakuwa mpanda farasi hodari. Kumbuka ni kijana wa mjini. Alipitia Gallipoli, kisha jangwa la Sinai na Palestina, mwisho akiwa katika Rejimenti ya 12. Kazi yake ikawa kubeba machela. Mtu huyu kazi yake inaanza pale wenzake wanapoanguka: anatoka kwenye kificho, anakwenda palipo na risasi, anamnyanyua majeruhi, anarudi naye. Katika mapigano ya pili ya Gaza, Aprili 1917, alisifiwa na wakubwa wake kwa kazi hiyo chini ya moto mkali.

Oktoba 31 mwaka huo jeshi lilihitaji kuuteka mji wa Beersheba kabla ya giza, kwa sababu ya visima. Farasi walikuwa hawajanywa maji muda mrefu na nyuma yao ni jangwa. Jioni ile rejimenti mbili, ya 4 na ya 12, watu kama 800, ziliamriwa kwenda moja kwa moja kwenye mahandaki ya Waturuki, mbio, mahali peupe. Hawakuwa na panga, walishika visu vya bunduki mkononi. Mji ukatekwa na visima vikapatikana. Waliokufa katika rejimenti hizo mbili walikuwa 31. Cotter alikuwa mmoja wao, kwa risasi, akiwa na miaka 33.

Kaka na dada zangu, kuna jambo moja ambalo husahaulika hata na wale wanaomwandika kama shujaa. Tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule, siku 27 kabla, ndugu yake John aliuawa Broodseinde, Ubelgiji. Familia moja ya Glebe, watoto wawili, mwezi mmoja, nchi mbili tofauti. Kila ninapofika hapo nawafikiria wazazi.

Tibby amezikwa kwenye makaburi ya vita ya Beersheba. Ni mchezaji pekee wa Test wa Australia aliyeuawa vitani katika Vita Kuu ya Kwanza.

#11 – DadaParklands

Siku 27. Nimekosa la kusema. Mungu awapumzishe.

#12 – bin_Makame

Mleta uzi, asante. Niongeze ninachokijua. Nje ya uwanja wa kriketi wa Sydney kuna daraja la waenda kwa miguu lenye jina lake, limefunguliwa 2015, linavuka barabara ya Anzac Parade. Nilipokwenda kusoma kule nililipita mara nyingi siku za mechi. Watu wanalipita kwa maelfu, watoto na bendera zao, wazee na makofia ya jua. Jina lipo pale limeandikwa wazi. Sikuwahi kumuuliza mtu Cotter ni nani, na leo najuta.

#13 – MwanaPichi (mleta uzi)

bin_Makame, umenifurahisha sana. Barabara inayopita chini yake imepewa jina la majeshi yale yale aliyofia. Ila juu yake watu wanakwenda kutazama mpira, na mimi nalishukuru daraja kwa hilo.

#14 – Mzee_wa_Ngamiani

Swali la mwisho kutoka kwangu. Wale sita waliogoma, wengine mwisho wao ulikuwaje? Na nani alichukua nafasi ya kurusha kwa kasi?

#15 – MwanaPichi (mleta uzi)

Mzee wangu, Hill na Ransford hawakucheza Test tena. Trumper alifariki Juni 1915 kwa maradhi ya figo, ana miaka 37, na Sydney ikasimama kumzika. Hazlitt yule kijana wa 1907 hakuwa katika sita, lakini nimtaje: naye alifariki mwaka huo huo wa 1915, ana miaka 27. Kwa hiyo wawili walioshikilia zamu ile pale Sydney mpaka ushindi, hakuna aliyeuona mwisho wa vita.

Armstrong na Carter ndio waliorudi. Test ziliporejea msimu wa 1920-21 Armstrong alikuwa nahodha, akawapiga Waingereza 5-0 nyumbani, halafu akawafuata kwao mwaka 1921 akashinda 3-0. Na silaha yake ilikuwa kasi. Jack Gregory, aliyetoka vitani akapitia timu ya wanajeshi ya 1919, na Ted McDonald, wakirusha kutoka pande mbili za pichi kwa wakati mmoja. Nyuma ya vigingi akidaka mipira yao yumo Carter, yule yule aliyekuwa akidaka ya Cotter.